Maji ya Baridi kwenye Bomba la Kafuri

Hsinchu, 28 Januari 1962

Baba yangu mpendwa,

Natumaini kikohozi kimepungua na kwamba unavaa ile fulana ya sufu badala ya kuitunza sandukuni. Figili kavu ulizonitumia zilifika salama. Mama Peng, mwenye nyumba wangu, alizinusa tangu mlangoni akasema, "Wewe Kiuk-yin, baba yako anataka unenepe au anataka nikufukuze?" Kisha akala bakuli mbili. Huku upepo ni mkali. Maabara tumeziba madirisha kwa magazeti, maana baridi inasumbua vipimo.

Mwaka mpya unakaribia na najua nyumba iko kimya. Nami nilipokuwa nyumbani kwa mazishi ya mdogo wangu Min-fu nilikaa kimya, kwa sababu nilikuona ukipewa ile fimbo ulipige jeneza mara tatu, kama desturi inavyomtaka mzazi aliyetanguliwa na mwanawe. Uliligusa tu, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Sasa nasema. Mwezi wa Novemba Min-fu aliniandikia kwamba ameanza kukeneka mafuta ya visiki vya kafuri, yaani kuvichemsha na kuupoza mvuke wake bombani, katika pipa letu la mchaichai, na kwamba harufu kali inatoka mdomoni mwa bomba. Akauliza, "Dada, hiyo harufu si mali inayopotea? Niizuieje?" Nilimjibu tarehe 9 Desemba. Nilitazama jedwali letu la shinikizo la mvuke, yaani ile nguvu ambayo mvuke wa kitu husukuma nayo ukiufungia ndani ya chupa. Jedwali linasema kadiri kafuri inavyopoa ndivyo mvuke wake unavyopungua. Nikamwandikia afungulie maji yote ya kijito yapite kwenye tangi la kupoza bomba.

Tarehe 14 bomba likaziba, mfuniko ukaruka, na mvuke ukamuua.

Baba, je, barua yangu ilimfikia? Tafadhali tazama katika koti lake, katika droo yake, popote. Niambie.

Binti yako,
Kiuk-yin


Ng-kok-wo, 20 Februari 1962

Kwako binti yangu Kiuk-yin,

Nimechelewa kujibu. Mkono wangu si mwepesi wa kalamu, unajua niliishia darasa la sita, tena la Kijapani. Kikohozi kimebaki kidogo. Fulana naivaa.

Jana tulikwenda kusafisha makaburi. La mama yako nililing'oa magugu mimi mwenyewe. Mwaka huu ndio tuliopanga kuifukua mifupa yake, kuisafisha na kuihifadhi kwenye mtungi. Mchagua siku njema amesema tungoje, kwa kuwa kuna kaburi bichi katika familia. Mtungi niliununua Desemba kule kwa wafinyanzi wa Kung-kon. Uko chini ya ngazi, umefunikwa gunia.

Mbuzi amezaa mapacha. Mmoja ana doa jeupe sikioni, kama yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni kwa kitambaa cha mama yako hadi mama yako akasema huyu mtoto atatuaibisha.

Mikono ya Tsiu A-siong inapona. Unamkumbuka A-siong, mchimba visiki, ambaye siku ile ndiye aliyekuwa akichochea moto. Ngozi mpya imeota, nyekundu kama ya mtoto. Nilimpelekea supu ya kuku. Akasema, "Kaka Fuk-sen, kuku huyu ni mzee kuliko wewe." Nikamwambia, "Basi mheshimu, umle taratibu." Tukacheka kidogo.

Kuhusu hilo uliloniuliza. Nimetazama katika koti lake na katika droo. Katika vitu vyake sikuona barua. Niliona wembe, kalenda, na picha yako ile ya kumaliza shule.

Usifikirie sana. Kula vizuri.

Baba yako,
Lo Fuk-sen


Hsinchu, 4 Machi 1962

Baba mpendwa,

Nafurahi kusikia habari za mapacha. Nisalimie A-siong, umwambie namletea marhamu ya hospitali.

Huenda Min-fu aliisoma barua yangu akaitupa motoni. Alikuwa na tabia hiyo, akishasoma kitu anawashia tanuri. Kutoonekana kwa barua hakunipi jibu. Kwa hiyo natafuta jibu kwa njia ninayoijua.

Nimemwomba mkuu wetu wa maabara ruhusa ya kupima upya shinikizo la mvuke wa kafuri, lakini si kafuri safi ya dukani. Nataka ile ya kwetu, iliyotoka kwenye visiki vile vile. Nikueleze kwa ufupi tunavyofanya, usije ukadhani nachezea mali ya watu. Naweka kipande ndani ya chupa ya kioo, natoa hewa yote kwa pampu, nazamisha chupa ndani ya maji yenye joto ninalolijua. Chupa imeungwa na mrija wenye zebaki. Mvuke wa kafuri ukijaa, unaisukuma zebaki ishuke, nami nasoma imeshuka milimita ngapi. Kisha naongeza joto kidogo, nangoja, nasoma tena. Kazi yenyewe zaidi ni kungoja.

Naomba vitu vitatu. Kipande cha kafuri kutoka ndani ya bomba lile. Upana wa bomba. Na joto la maji ya kijito asubuhi. Nakutumia kipimajoto ndani ya kiboksi hiki, nimekizungushia pamba.

Siku zile wewe ulikuwa Kung-kon kwa wafinyanzi, najua hukuona. Lakini A-siong aliona. Muulize kama Min-fu alifungulia maji yote, na muulize kama alisema nani kamshauri.

Binti yako,
Kiuk-yin


Ng-kok-wo, 8 Aprili 1962

Binti yangu,

Usinilaumu kwa kukaa kimya. Mvua ilikatiza barabara, kisha ilipofunguka nikawa na kazi nyingine.

Kipimajoto kilifika kizima. Nimekitumbukiza kijitoni asubuhi sita, kikasoma nyuzi kumi na nne, siku moja kumi na tano. Lakini sasa ni Aprili. Desemba maji lazima yalikuwa baridi zaidi. Bomba lina upana wa vidole viwili vyangu.

Mimi na A-siong tulilitoa bomba kwenye tangi tukalikata kwa msumeno. Unajua lilivyo, limejikunja mizunguko saba kama nyoka aliyelala. Mizunguko mitatu ya juu ilikuwa wazi. Wa nne ulikuwa umejaa, mweupe kabisa, mgumu kama chumvi iliyopata unyevu ikakauka.

Nilimuuliza kama ulivyotaka. Akanieleza hivi: "Asubuhi ile mafuta yalitiririka vizuri. Kijana akasogea mdomoni mwa bomba akanusa, akasema, 'Bak A-siong, mzee wangu, huoni tunayalisha mawingu? Kafuri yote inapanda angani.' Akaenda akafungua lango la kijito mpaka mwisho. Maji yakajaa tangi, harufu ikakata kweli. Akafurahi huyo. Akanicheka, 'Umeona? Wazee mnapenda kunusa hasara.' Baada ya muda wa saa tatu hivi matone yakaanza kusitasita, halafu yakakoma. Nikadhani maji ya pipani yamekauka. Naye akadhani hivyo hivyo, akapanda kutazama mfuniko. Ndiyo hivyo, kaka."

Kama kuna mtu alimshauri, hakusema.

Kipande cha kafuri nimekifunga kwa karatasi ya mafuta mara tatu. Nimechukua cha ndani kabisa, kisicho na kutu.

Mchaichai wa upande wa juu nimeukata lakini sikuukeneka. Niliwapa akina Fan wa dukani. Mke wa Fan alisema, "Mzee Lo, siku hizi unagawa majani, kesho utagawa nyumba." Nikamwambia achukue na mbuzi. Alimchukua yule asiye na doa.

Usijichoshe na hizo chupa.

Baba yako


Hsinchu, 29 Aprili 1962

Baba,

Kifurushi kilifika. Nilipokifungua maabara nzima ilinukia chumba cha mama, lile kabati alilokuwa akiweka nguo za baridi. Ilibidi nitoke nje kwanza.

Nimepima siku kumi na moja. Nitakuandikia namba chache tu. Chupa ikiwa kwenye nyuzi tisini na saba, zebaki hushuka milimita ishirini. Kwenye themanini na mbili, kumi. Kwenye arobaini na moja, moja tu. Kwenye kumi na nne, joto la kijito chako, hata sehemu ya nne ya milimita haifiki. Nalazimika kutumia lenzi kuisoma. Nimeilinganisha na jedwali letu la zamani. Ni zile zile.

Jedwali halikukosea, baba. Min-fu aliuliza harufu inakwendaje hewani, nami nikamjibu: ipoze, haitakwenda hewani. Hilo ni kweli. Sikujiuliza isipokwenda hewani itakwenda wapi. Mafuta ya mchaichai yakipoa hubaki majimaji, yanatiririka mpaka kwenye chombo. Kafuri ikipoa ghafla huwa jiwe, na jiwe hukaa pale pale lilipozaliwa, ukutani mwa bomba. Nimepiga hesabu kwa upana wa vidole vyako viwili na maji ya baridi namna ile. Mzunguko wa nne unaziba kwa saa tatu na nusu. A-siong alisema saa tatu hivi.

Miaka minne nimeandika namba hizi bila kuona bomba. Nilipokuwa nyumbani nilikuwa mtoto wa mchaichai, kafuri niliijua kama vidonge vyeupe vya kabatini tu. Ningemwambia neno moja, angekuwa hai.

Hata bila kuiona barua ile, nimesadiki kwamba ilimfikia. Alifanya hasa nilivyomwandikia, hata kufungua lango mpaka mwisho.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nitampa mkuu wangu mwisho wa Mei, nikishamaliza vipimo vya mwaka huu. Siwezi tena kuandika namba ambazo mtu asiyeniona atazifuata. Nitarudi nyumbani nikupikie na kulima. Usinikataze.

Kiuk-yin


Ng-kok-wo, 14 Mei 1962

Kiuk-yin, binti yangu,

Leo sisemi habari za mbuzi.

Barua yako ninayo. Iko ndani ya bahasha hii. Tafadhali, kabla hujasoma mbele, igeuze utazame nyuma yake. Gundi yako iko vile vile. Haijafunguliwa.

Unajua posta haipandi huku, huishia dukani kwa Fan chini ya kilima, na hukaa pale mpaka mmoja wetu ashuke. Tarehe 16 Desemba nilishuka kununua kitambaa cheupe cha msiba. Fan akanipa barua akasema, "Hii ilikuja leo asubuhi, ya kijana." Kisha akakumbuka kijana yuko wapi, akaanza kupanga chupa za soya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Min-fu alikuwa amelazwa sebuleni siku ya pili, akingoja kuzikwa. Nikaitia barua kwenye mkoba wangu. Uliponiuliza nilikujibu kwamba katika vitu vyake haimo. Sikudanganya, lakini nilikuacha uzame, na hilo ni baya kuliko kudanganya.

Sasa nikuambie kwa nini.

Mimi kafuri naijua. Hukuwahi kunisikia nikisema, kwa sababu ilikuwa kabla hujazaliwa. Tangu nina miaka tisa nilimsaidia babu yako kwenye pipa la kafuri, enzi za Wajapani, mpaka miti ikaisha tukahamia mchaichai. Kafuri haipitishwi kwenye maji ya baridi. Babu yako aliyaacha maji ya tangi yawe moto kiasi kwamba ukitia mkono unaweza kuhesabu mpaka tano, halafu unautoa. Ukifika sita, maji yamepoa mno. Ukishindwa kufika nne, yamezidi moto. Namna hiyo kafuri inashuka na mafuta yake, laini kama uji, inaingia kwenye sanduku pana la mbao, na ni huko ndiko inakoachwa igande. Hata mtoto wa wakati ule alilijua hili. Mimi nililijua.

Min-fu aliponiambia anataka kukeneka visiki, tuligombana. Nilikuwa nasuka ungo pale uani. Akasema, "Baba, mchaichai umekufa, sisi tunaubeba tu. Visiki vimejaa mlimani, vinangoja." Nikamwambia visiki ni vya watu waliokwisha kufa. Akasema, "Basi nifundishe, wewe si uliwahi?" Nami nikamjibu, nakumbuka kila neno, "Kamuulize dada yako wa chupa. Si ndiye msomi wa nyumba hii?" Akacheka. Hakuwa mtu wa kinyongo. Kumbe alikuandikia kweli.

Alianza mwenyewe, kidogo kidogo, siku ambazo hazikuwa baridi sana, na bomba likastahimili. Nilikuwa napita pale natazama mdomo wa bomba, na sisemi kitu. Nilijua baridi ikija litaziba. Nilidhani litamsumbua, atalitoa, atalisafisha siku nzima mikono ikimuuma, kisha atakuja kwangu na kusema baba nionyeshe. Nilikuwa nalingoja neno hilo tu. Wala sikufikiria mfuniko. Mfuniko wa babu yako ulikuwa wa mbao na udongo, ukizidiwa unapasuka pembeni, unavuja tu. Huu wetu ni wa bati, umefungwa kwa skrubu nane, nami ndiye niliyeufunga.

Tarehe 12 nikaenda Kung-kon kutafuta mtungi wa mama yako. Niliupata siku ile ile. Ningeweza kurudi kesho yake. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza, niliuona ukitikisa majani ya migomba ya mfinyanzi, nikajua kijito kitakuwaje. Nikakaa siku mbili zaidi, nakunywa chai ya watu. Nilitaka nikirudi nimkute amekwama.

Uliponiandikia Januari kwamba huenda ni barua yako, nilihisi kitu ambacho baba hapaswi kukihisi. Nilipumua. Niliona kwamba kuna mtu mwingine wa kubeba upande mmoja. Nikajiambia sitamwonyesha barua leo, nitamwonyesha mwezi ujao. Kila mwezi nikajiambia hivyo. Ulipoandika kwamba unaacha kazi, nikaona nimewapoteza watoto wawili kwa kosa moja.

Kila mtu hapa ananiita mzee mpole. Mke wa Fan anasema Mungu wa Nyumba ananipenda kwa upole wangu. Nasikiliza tu.

Usiache kazi kwa ajili ya barua ambayo haikusomwa na mtu. Sikuombi kingine. Ukinichukia, nitajua ni haki.

Lo Fuk-sen


Hsinchu, 6 Juni 1962

Baba,

Siku ishirini sikukuandikia. Mwanzoni nilikuwa na hasira, nami sikutaka hasira ije kwako kwa posta ikae dukani kwa Fan. Mama Peng alinisikia nikivunja sahani akabisha. "Umevunja ngapi?" Nikasema mbili. Akasema, "Zipo kumi, endelea, lakini ufagie."

Umenibebesha miezi minne mzigo ambao haukuwa wangu. Kuna siku nilisimama juu ya daraja la reli muda mrefu kuliko treni inavyohitaji kupita. Nakuambia kwa sababu wewe nawe umeniambia. Hatutalifunika hili kwa gunia.

Kisha niliifungua barua yangu. Nilidhani ningeona nafuu. Nilisoma mwandiko wangu mwenyewe: "Mdogo wangu, fungua lango lote, usiogope." Baba, ingefika siku mbili kabla, angeifuata, na angekufa kwa neno langu. Aliyeniokoa ni mpanda baiskeli wa posta aliyechelewa. Kati ya kosa lako na langu hamna kitu ila siku mbili za njiani. Wewe ulijua ukanyamaza. Mimi sikujua nikasema. Sioni ni wapi nisimame ili nikuhukumu.

Mkuu wangu nimempa barua ile ya kuacha kazi, akaisoma akanirudishia. Akasema wilaya yetu sasa ina mapipa kumi na tisa yanayogeuzwa kutoka mchaichai kwenda visiki, na yote yana mabomba ya kujikunja kama letu. Alikuwa amewauliza wenye mapipa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufanya kazi kwenye pipa la kafuri; wazee wao wamekufa au hawakuulizwa. Baridi itarudi Novemba. Ameniomba niwaandikie maelezo ya karatasi moja tu, watu waweze kuyabandika ukutani.

Ninazo namba zote za mvuke, kuanzia kumi na nne mpaka mia moja. Nisichonacho ni joto la maji yanayomruhusu mtu kuhesabu mpaka tano. Halimo katika jedwali lolote nililolisoma, na siwezi kulipata kwa mkono wangu, kwa sababu mkono wangu haukufundishwa.

Nitapanda basi la Jumamosi ya wiki ijayo asubuhi. Jaza tangi, uwashe moto chini yake, na umwite A-siong naye aje, maana yeye pia ana haki ya kusikia uliyoniandikia, na yatoke kinywani mwako, mimi nikiwa nimekaa karibu. Baada ya hapo utatia mkono majini na kuhesabu kwa sauti, nami nitasoma kipimajoto ukifika tano. Tutafanya mara ishirini, au zaidi kama ngozi yako itavumilia.

Usinijibu. Nitakuwa nimefika kabla ya jibu lako.

Kiuk-yin